Picha ya zamani ya familia: ilipigwa wapi hasa?

Msikilizaji wetu mmoja wa Unguja Kusini alitutumia kwa simu picha ya mama yake akiwa mtoto wa miaka kama minne, amekaa barazani pamoja na watu wazima watatu. Nyuma ya picha, kwa wino uliofifia, pameandikwa "Kikwajuni 1958". Swali lake lilikuwa fupi: baraza hii iko wapi? Mama ameshafariki. Aliyebaki ni shangazi yake mama, bibi mwenye umri mkubwa ambaye macho yake hayaoni vizuri, na msikilizaji wetu anahofu kwamba akichelewa hatapata wa kumuuliza.

Tumeamua kulijibu hapa kwa urefu kwa sababu wengi mna picha kama hiyo sandukuni au ukutani, na wengi mmeshakwenda mjini nayo mkarudi bila jibu.

Tatizo la kwanza ni kwamba Kikwajuni ya kwenye picha siyo mnayoikuta leo. Mtaa huu uko Ng'ambo, yaani ng'ambo ya ile hori ya bahari iliyokuwa ikiutenga Mji Mkongwe na mitaa ya watu wa kawaida. Jina la Darajani linatokana na daraja la kuvukia hapo. Hori ilifukiwa kidogo kidogo, na kufikia mwisho wa miaka ya hamsini ilikuwa imekwisha. Leo juu yake inapita barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado wanaiita Creek Road. Nyumba za Ng'ambo zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti au mabati, baraza mbele. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Serikali ikisaidiwa na Ujerumani Mashariki ilianza kujenga nyumba za ghorofa, na Kikwajuni ikawa miongoni mwa mitaa ya mwanzo kuzipata. Kisha zikafuata zile ndefu za Michenzani, zilizoanza kusimama mwanzoni mwa miaka ya sabini. Ili zipate nafasi, nyumba nyingi za zamani zilivunjwa pamoja na vichochoro vyake. Kwa hiyo anayekwenda Kikwajuni kutafuta baraza huenda anatafuta kitu ambacho juu yake pamejengwa ghorofa.

Lakini mabadiliko hayo hayo ndiyo yanayotusaidia kujua umri wa picha. Kama nyuma ya watu linaonekana ghorofa la Wajerumani, picha haiwezi kuwa ya 1958, hata maandishi yaseme nini. Kama nyuma ya Darajani kuna maji na ngalawa, hori ilikuwa bado haijafukiwa. Ukiona Beit el Ajaib na mbele yake mnara umesimama peke yake, hiyo ni picha ya kabla ya mizinga ya Waingereza ya 27 Agosti 1896. Mnara wa saa tuliouzoea, ule ulioshikana na jengo, ulikuja baadaye. Na kama jengo hilo limekamilika, picha ni ya kabla ya Disemba 2020, lilipoporomoka sehemu yake. Angalieni kilichopo, halafu angalieni kwa makini zaidi ambacho hakipo.

Maandishi ya nyuma msiyaamini haraka. Mara nyingi tarehe iliandikwa siku picha ilipotumwa kwa jamaa, au miaka mingi baadaye na mtu aliyekuwa akikisia. Jina la mtaa nalo huenda ni la mahali alipoishi mpokeaji. Kilicho imara zaidi ni muhuri wa mpiga picha, kama upo. Mji wa Unguja ulikuwa na wapiga picha wenye studio tangu karne ya 19, na Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipiga picha za familia nyingi mno. Muhuri wa studio pia ni onyo. Picha nyingi tunazodhani ni za nyumbani zilipigwa ndani ya studio, mbele ya pazia lililochorwa bustani au ngazi za jumba. Msiende kuitafuta bustani ya pazia.

Sasa turudi kwenye ile baraza. Picha tuliyotumiwa ilikuwa imekatwa pembeni na ina ukungu, kwa sababu ilipigwa usiku chini ya taa, ikatumwa kwa WhatsApp, na WhatsApp huipunguza picha inapoituma. Tulimwomba aipige tena mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, pembe zote nne zionekane, na upande wa nyuma pia, kisha aitume kama faili la hati badala ya picha ya kawaida. Picha ilikuwa imegandana na kioo cha fremu kwa unyevu. Tulimwambia asiibandue. Picha iliyogandana ukiilazimisha inachubuka na sura za watu zinabaki kwenye kioo. Ni bora kuipiga hivyo hivyo juu ya kioo, ukiinamisha simu kidogo ili kioo kisiakisi mwanga.

Picha mpya ilipofika, pembeni kushoto, sehemu iliyokuwa imekatwa, palikuwa na kitu cheupe cha mviringo juu ya mapaa. Ni kuba. Kwa mtu aliyepo Kikwajuni akitazama machweo, kuba kubwa jeupe ni la Beit el Amani, jumba la makumbusho pale Mnazi Mmoja lililochorwa na John Sinclair na kufunguliwa 1925. Kulia kabisa, kidogo sana, palionekana ncha ya mnara, ambao tuliudhania ni wa kanisa la Mkunazini.

Vitu viwili vya mbali vina thamani kuliko kumi vya karibu. Kuba na mnara havijahama. Mtu akitembea Kikwajuni huku picha iko mkononi, ataona vitu hivyo viwili vikikaribiana au vikiachana kadiri anavyosogea. Mahali ambapo nafasi kati yao inalingana na ya kwenye picha ndipo aliposimama mpiga picha, au karibu yake. Siku hizi ghorofa zinaziba, basi inabidi kupanda ngazi na kuomba ruhusa ya kuchungulia kwenye veranda ya mtu. Tena angalieni mpangilio: kutoka Kikwajuni, Beit el Amani iko kushoto na Mkunazini iko kulia. Picha ikionesha kinyume, huenda filamu iligeuzwa wakati wa kusafishwa. Vifungo vya shati na maandishi ya dukani vitawaambia.

Wengine mnajaribu kuipa programu ya simu itafute picha inayofanana. Jaribuni, haina hasara, ila jueni kwamba mlango wa nakshi wa Unguja, wa Lamu, wa Mombasa na wa Maskati kwa programu hizo ni kama mmoja, na jibu huja kwa uhakika usiostahili. Picha iliyotiwa rangi na simu ndiyo mbaya zaidi, maana rangi ya ukuta imebuniwa tu.

Pa kulinganishia pengine ni Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ambako kuna picha na ramani za zamani za mji. Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani nacho kimeweka kwenye intaneti mkusanyiko wa Winterton, wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, Unguja ikiwemo. Na msisahau jamaa walioondoka. Nakala iliyo safi kuliko yenu huenda iko kwenye albamu Maskati, Dubai au London.

Mkifika mtaani, anzieni kwa sheha, mwelezeni mnachotafuta, naye awapeleke kwa wazee. Semeni mapema kwamba ni kumbukumbu tu. Mgeni mwenye picha ya nyumba ya zamani huwafanya watu wafikirie kesi ya kiwanja, na hapo hakuna atakayekumbuka kitu.

Msikilizaji wetu alifika hadi kwenye kipande kidogo cha Kikwajuni Juu, kati ya ghorofa mbili. Akarudi shamba kwa bibi. Kwa kuwa bibi haoni picha, hakumuuliza "hapa ni wapi?" Alimsimulia: baraza ina ngazi mbili, nguzo ya kushoto imepinda, kwa mbali linaonekana kuba, mtoto amevaa gauni lenye ukosi mkubwa. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema gauni hilo alilishona yeye, la Idi. Nyumba haikuwa yao. Wao walikaa Miembeni, na siku hiyo walikwenda Kikwajuni kutoa mkono wa Idi kwa rafiki wa familia aliyekuwa na jamaa mwenye kamera.

Msikilizaji wetu ameandika hayo yote kwa penseli laini nyuma ya nakala, pamoja na majina. Jina la mwenye nyumba bibi amelikumbuka siku ya pili, wakati wa chai. La yule mwanamume aliyesimama mlangoni, bado.