Gegedu la Kiungo cha Taya na Mzigo Linaoubeba

Kiungo cha taya hakipumziki sana: hutumika katika kula, kunena, kumeza na hata kupiga miayo. Mwanafunzi atakayeweka ncha ya kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha akafumbua kinywa polepole, atahisi kinundu cha mfupa kikizunguka mahali pake. Kinywa kikizidi kupanuka, kinundu hicho huteleza kwenda mbele. Hicho ndicho kichwa cha taya la chini. Kimeegemea bonde lililo katika mfupa wa panja, na kati ya mifupa hiyo miwili pamelala kisahani cha nyuzi ngumu ambacho hufuatana na kichwa hicho kila kiendapo.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana iwapo kiungo hiki hubeba mzigo wowote. Baadhi yao walidai kwamba nguvu yote ya misuli huishia kwenye meno, na kiungo ni mwongozo tu wa mwendo. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Dari la bonde la mfupa wa panja ni jembamba kiasi cha kupenyeza mwanga, na ni vigumu kuamini kwamba maumbile yangeweka mzigo mkubwa mahali kama hapo. Walichokisahau ni kwamba kichwa cha taya, wakati wa kutafuna, hukandamiza zaidi mteremko ulio mbele ya bonde, ambako mfupa ni mnene.

Kanuni za wenzo zinatoa jibu ambalo mwanafunzi wa fizikia anaweza kulipata mwenyewe. Taya la chini ni wenzo ambao egemeo lake ni kiungo, jitihada yake ni misuli, na mzigo wake ni chakula kilicho kati ya meno. Tuseme, kwa urahisi wa hesabu, kwamba misuli huvuta kwa kani ya nyutoni 500 katika umbali wa sentimita 4 kutoka kwenye egemeo, na kwamba meno ya mbele yako umbali wa sentimita 10. Kani itakayopatikana kwenye meno hayo ni 500 × 4 ÷ 10, yaani nyutoni 200. Nyutoni 300 zilizobaki haziwezi kutoweka. Hapana budi zipokelewe na viungo viwili vya taya. Muwa huohuo ukihamishiwa kwenye magego, sentimita 5 kutoka kwenye egemeo, meno yatapata nyutoni 400 na viungo vitabakiwa na 100 tu.

Hesabu peke yake haikumaliza ubishi. Mwaka 1979 William Hylander wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa kima wa jamii ya makaki. Vipimo vidogo vya umeme, vyenye kuonyesha jinsi mfupa unavyojipinda, vilibandikwa chini kidogo ya kichwa cha taya. Ilidhihirika kwamba kiungo hubeba mzigo wakati wa kuuma na wa kutafuna. Tena, kima alipotafuna upande mmoja, kiungo cha upande wa pili ndicho kilicholemewa zaidi.

Kinachopokea mzigo huo ni gegedu. Gegedu la goti ni laini na lenye kung'aa mfano wa kioo, lakini la kichwa cha taya limefunikwa kwa tabaka la nyuzi za kolajeni, na chini ya tabaka hilo zimo chembe hai changa ziwezazo kugawanyika na kugeuka kuwa chembe za gegedu. Kwa hiyo gegedu hili huweza kubadilika kufuatana na kazi linayopewa, hasa katika umri wa kukua.

Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula cha chembe zake hutoka katika ute wa kiungo, na mzigo husaidia kukifikisha. Ndani ya gegedu mna molekuli kubwa zenye kuvuta maji, na nyuzi za kolajeni huzizuia zisivimbe kupita kiasi. Kiungo kikikandamizwa, maji husukumwa nje. Kikiachiliwa, maji hurejea pamoja na virutubisho, mithili ya sifongo. Mwanzoni mwa mkandamizo sehemu kubwa ya mzigo hubebwa na maji yenyewe, kwa kuwa hutoka polepole. Lakini mtu akiuma meno kwa nguvu bila kuachia kwa muda mrefu, maji huzidi kupungua na mzigo huangukia nyuzi na chembe. Ndiyo maana kutafuna kwa mapigo na kukaza taya mfululizo ni mambo mawili tofauti, hata kama kani ni ileile.

Majaribio ya wanyama yamethibitisha pande zote mbili. Panya wachanga waliolishwa chakula laini wameonekana mara nyingi kuwa na gegedu jembamba kuliko wenzao waliotafuna chakula kigumu. Kwa upande mwingine, panya waliopanuliwa vinywa kwa nguvu siku baada ya siku walipata uharibifu: chembe zilikufa na gegedu likalika.

Mwaka 1969 Charlier, Petrovic na Stutzmann wa Strasbourg, Ufaransa, walionyesha kwamba taya la panya mchanga likivutwa mbele kwa kifaa, chembe changa za gegedu huongezeka kwa kasi. Matokeo hayo yaliwapa matumaini makubwa madaktari wa kupanga meno, ambao tangu mapema katika karne ya 20 walikuwa wakiwavisha watoto wenye taya fupi vifaa vya kulisogeza mbele. Hata hivyo panya si mtoto wa shule. Majaribio yaliyofanywa North Carolina, Florida na Uingereza kuanzia miaka ya 1990 yalionyesha kwamba watoto waliotibiwa mapema, ingawa mwanzoni taya zao zilionekana kutangulia, mwishoni hawakupishana sana na wale waliosubiri hadi ujana.

Kupuuza mzigo kulileta msiba nchini Marekani katika miaka ya 1980. Wagonjwa waliokuwa na visahani vilivyoharibika walitolewa visahani hivyo na kuwekewa vipande vilivyotengenezwa kwa Tefloni. Kitu hicho huteleza vizuri, lakini hakistahimili kusagwa. Kilimeguka kuwa chembechembe, mwili ukazishambulia, na mashambulizi hayo yakala mfupa. Kwa baadhi ya wagonjwa hata dari la bonde lilitoboka. Mwaka 1991 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba ilitangaza vipande hivyo viondolewe katika matumizi, baada ya maelfu ya watu kuwekewa.

Siku hizi watafiti hujaribu kuotesha kisahani kutokana na chembe hai zenyewe. Mwaka 2018 wanasayansi wa California walitangaza kwamba walichukua chembe za gegedu la mbavu, wakaziotesha maabarani hadi zikawa tishu ngumu, kisha wakaipandikiza katika visahani vya nguruwe wadogo vilivyokuwa na kasoro. Kasoro hizo zilijazwa, na tishu mpya ilishikamana na ile ya zamani huku nguruwe wakiendelea kutafuna.