Umri wa Yai

Tarehe 29 Novemba 2023, Safina Namukwaya, mama wa miaka 70 kutoka upande wa Masaka, alijifungua mapacha kwa upasuaji jijini Kampala, wa kike na wa kiume, katika hospitali ya Dk. Edward Tamale Sali. Habari ilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Isingiro, kwa simu, na tangu hapo swali moja hunifuata kila nifikapo kambini: kama bibi wa miaka 70 amezaa, mimi wa 42 nimekosa nini? Aliyeniuliza kwa uchungu zaidi ni dada mmoja Mkongomani, muuza vitenge wa Base Camp. Alikimbia vita akiwa binti, mume wa kwanza akampotea, akaja kuolewa upya huku Isingiro ana miaka 39. Miaka mingi ya kuzaa imemwishia njiani. Anastahili jibu kamili.

La Namukwaya ni fupi: mayai hayakuwa yake. Madaktari walichukua mayai yaliyotolewa na mwanamke mwingine, wakayarutubisha nje ya mwili kwa mbegu za mwenzi wa Namukwaya, kisha wakaweka viinitete tumboni mwake. Mji wa mimba ukipewa homoni unazohitaji unaweza kubeba hata baada ya hedhi kukoma. Yai ndilo lisilongoja.

Mambo ya hedhi na siku za kushika mimba nayaacha, kila kliniki ina bango lake. Kinachonivuta kiko ndani ya yai lenyewe. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku, na kila mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa. Mwanamke hupewa akiba yake yote kabla hajazaliwa. Mimba ya mtoto wa kike ikiwa na miezi mitano, ovari zake zina mayai machanga kama milioni 6 au 7. Anapozaliwa yamebaki milioni 1 au 2. Akivunja ungo, laki 3 hivi. Yai atakalolitoa dada yetu mwezi huu liliumbwa huko Rutshuru, mama yake akiwa na mimba yake, hajamwona hata uso. Lilivuka naye mpaka wa Bunagana.

Na muda wote huo limesimama katikati ya kazi. Kromosomu zake zilikwisha kupangana, jozi 23, tayari kugawanywa, zikaambiwa zingoje. Kinachozishika ni protini iitwayo kohesini. Wapo wanaoiita gundi, nami neno hilo silikubali hata kidogo: gundi hupakwa juu, na hii huzizunguka nyuzi za kromosomu na kuzifungia ndani yake. Umbo lake ni pete, basi nitaandika pete.

Zifikirie kromosomu kuwa mzigo wa kuni, na pete kuwa mipira ya tyubu iliyoufunga, kama wafungavyo vijana wa baiskeli hapa kambini. Umefungwa ncha zote mbili, na mpira mmoja umekaza katikati. Kisha baiskeli inaegeshwa juani. Haiondoki leo wala mwaka huu. Mzigo mmoja utasafiri baada ya miaka 15, mwingine 25, mwingine 42, na hakuna anayepita kubadilisha mipira. Safari yenyewe ina vituo viwili. Cha kwanza ni muda mfupi kabla yai halijatoka kwenye ovari: kisu kinakata mipira ya nchani peke yake, na nusu ya mzigo inashushwa. Mpira wa katikati hauguswi, maana una mlinzi wake, protini ambayo Yoshinori Watanabe na wenzake wa Tokyo waliipa mwaka 2004 jina la shugoshin, roho mlinzi. Kituo cha pili ni pale mbegu ya mume inapoingia. Mlinzi amekwisha kuondoka, mpira wa katikati unakatwa, nusu ya kilichobaki inashuka. Sasa mpira uliopigwa jua miaka 42 haungoji kisu. Unakatika wenyewe barabarani, kuni zinamwagika, na kila upande unaokota zilizouangukia: huku kromosomu moja imezidi, kule imepungua.

Mwaka 2010 Kikuë Tachibana, Kim Nasmyth na wenzao walionyesha kwamba yai la panya linapokua, pete zilizowekwa mapema ndizo zinazoendelea kushika, bila mpya za kuzisaidia. Mlinzi naye hupungua panya anapozeeka. Kwa binadamu dalili zinaelekea huko huko. Ndiyo sababu mimba nyingi za umri mkubwa huharibika wiki za mwanzo, na ndiyo sababu mtoto mwenye kromosomu ya 21 ya ziada huzaliwa kwa karibu mama 1 kati ya 1,250 wenye miaka 25, lakini 1 kati ya 100 wenye miaka 40.

Miaka 42 haijafunga mlango; wako wanaozaa kwa mayai yao wenyewe. Presha ya mimba huongezeka na umri, hilo daktari atalieleza. Kipimo cha damu cha AMH hukadiria akiba ya mayai iliyobaki, na hakisemi lolote kuhusu pete. Kulipia yai la mtu mwingine kunataka mamilioni ya shilingi. Lakini umri si sababu pekee: katika nchi zetu mirija iliyozibwa na maambukizi yasiyotibiwa huwanyima wengi watoto kabla umri haujafika, na katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, mume naye ana sehemu yake.

Basi dada, usingoje mwaka mwingine. Omba rufaa kituo cha afya, mwende hospitali ya rufaa ya Mbarara wewe na mumeo, na mbegu zake zipimwe kabla mirija yako haijapigwa picha: kipimo chake ni chepesi zaidi, na hakiumi.