Pima betri kabla ya kuichaji: Macho hayana spea

WENGI hudhani kwamba hatari ya betri kubwa, kama ile ya tingatinga au lori, ni kupigwa na umeme. Sivyo. Volti 12 au 24 ni chache mno kumdhuru mtu anayeigusa kwa mkono mkavu. Kinachowapofusha mafundi na wanagenzi wao ni vitu viwili visivyotiliwa maanani: gesi na asidi.

Betri ya aina hii ina vyumba sita, na kila chumba kina mabamba ya risasi yaliyozama katika asidi iliyochanganywa na maji. Betri ikichajiwa, hasa inapokaribia kujaa, maji hayo hugeuka kuwa gesi za haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ikifikia asilimia 4 ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Betri ikipasuka, asidi humrukia aliyeinama juu yake.

Kabla ya kuigusa

Vaa miwani ya kukinga macho na glavu za mpira. Vua saa, pete na mkufu. Fanyia kazi mahali penye hewa ya kutosha, mbali na sigara, jiko na watoto.

Zima mashine, kisha fungua waya wa hasi kwanza. Ukianza na chanya na spana iguse bodi ya mashine, umeme wote utapita kwenye spana hiyo na cheche zitaruka. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Betri hizi huweza kuzidi kilo 40, kwa hivyo inueni watu wawili.

Kupima

Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja isichajiwe kamwe. Iliyo nzima, iache itulie kwa saa kadhaa ndipo uipime. Ikisoma volti 12.6 au zaidi, imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Chini ya 12, imekaribia kuisha.

Haidromita hupima asidi ya kila chumba: 1.265 ni kujaa, 1.190 ni nusu. Chumba kimoja kikiwa nyuma ya vingine kwa 0.050 au zaidi, hata baada ya chaji, betri hiyo imeharibika.

Lakini volti peke yake hudanganya. Betri inaweza kusoma 12.6 na ishindwe kuzungusha injini. Ndiposa fundi huijaribu kwa mzigo: betri iliyojaa huchotwa nusu ya ampea za kuwashia injini zilizoandikwa ubavuni mwake, kwa sekunde 15. Ikishuka chini ya volti 9.6, imezeeka.

Kuchaji

Mabamba yakiwa wazi, ongeza maji maalum ya betri yayafunike tu. Mengine ongeza baada ya chaji, kwani maji hupanda. Usiongeze asidi wala maji ya mfereji.

Mashine nyingi hutumia betri mbili kupata volti 24. Kama chaja yako ni ya volti 12, zitenganishe na kuchaji moja moja.

Chaja ikiwa imezimwa, funga waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi, ndipo uiwashe. Ukimaliza, izime kwanza kabla ya kufungua nyaya. Kiasi kizuri ni sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri: yenye ampea-saa 150 ipewe ampea 15. Huenda ikachukua zaidi ya saa 10, lakini haraka haraka haina baraka. Joto la betri likizidi nyuzi 50, zima.

Ajali ikitokea

Asidi ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha kimbilia hospitali. Usitie maziwa.

Na iliyokufa je? Usiivunje uani kutafuta risasi, maana sumu yake huathiri ubongo wa watoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirejesha fidia ya Sh1.3 bilioni waliyokuwa wamepewa mwaka wa 2020.

Betri mpya hununuliwa dukani. Jicho halinunuliwi.