Ada ya Programu na Haki ya Msanifu

Huko Mukurweini, kama Othaya na Karatina, ambako kadi za harusi, matangazo ya harambee na vitambulisho vya bidhaa husanifiwa na vijana wasioajiriwa na mtu, kompyuta haifai kitu pasipo programu, na programu kama za Adobe hulipiwa ada kila mwezi.

Ada hiyo si hasara ya kunyamaziwa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya chamruhusu mwenye biashara kuyatoa katika mapato yake matumizi yaliyofanywa kwa ajili ya kuyachuma mapato hayo tu. Kwa hiyo, tuseme ada ni shilingi 3,000 kwa mwezi, shilingi 36,000 za mwaka huondolewa katika faida kabla ya kodi kuhesabiwa, na yule ambaye shilingi hizo zote zingetozwa katika daraja la asilimia 25 huokoa shilingi 9,000. Sehemu aitumiayo kwa starehe yake haimo.

Lakini alipaye kodi ya mauzo ghafi, iitwayo TOT, ambayo ni asilimia 3 tangu Julai 2023, hapati makato hayo. Kadhalika, tangu Januari 2024 matumizi ya ndani ya nchi aghalabu yahitaji ankara ya kielektroniki ya eTIMS ili yakatwe. Kampuni ya ng'ambo isiyo na makao Kenya haikulazimishwa kuitoa, ila stakabadhi yake sharti ihifadhiwe miaka 5.

Basi vijana wetu na waandike hesabu kila mwezi, wasingoje Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya kodi, kwani kodi ni wajibu, na haki iliyomo katika sheria haimfai asiyeidai.