Kijapani cha Mkanda Mweupe

Kila muhula ukianza, klabu ya karate hupata sura mpya kibao. Baada ya wiki chache, baadhi hawaonekani tena. Ukiwauliza, si wote wanaolalamikia mateke. Wapo wanaosema, "Mwalimu anaongea Kijapani, mimi nasimama tu kama mlingoti." Hofu hiyo inatupotezea wachezaji bure, maana Kijapani cha mkanda mweupe ni kidogo, na msemaji wa Kiswahili anakianza akiwa mbele.

Tuanze na matamshi. Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Soma hajime (anza), yame (acha) na mawatte (geuka) jinsi unavyosoma Kiswahili, utaeleweka. Angalia mambo mawili tu. Kwanza, u na i wakati mwingine humezwa: gozaimasu husikika kama "gozaimas". Pili, kurefusha irabu hubadili maana: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Wala si ajabu, hata kwetu kupa na kupaa ni vitu viwili.

Sasa utayashikaje? Usikariri kama desa la usiku wa kuamkia mtihani. Sisi tunaosoma ualimu tunafundishwa mbinu ya James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani: mwanafunzi asikie amri, aitende kwa mwili, kuongea kutafuata. Miaka ya 1960 mbinu hiyo ilijaribiwa kwa Kijapani chenyewe. Mazoezi ya karate ndiyo hayo hayo. Piga ngumi kumi ukihesabu kwa sauti: ichi, ni, san, shi, go, roku, shichi, hachi, ku, ju. Ukirudia kila zoezi, hesabu itakuja yenyewe.

Ila usiishie kupiga kelele tu, uliza maana, kwa sababu maana inafundisha mbinu. Mae ni mbele, kwa hiyo mae-geri ni teke la mbele. Jodan ni juu, chudan kati, gedan chini. Uke tumezoea kuuita kuzuia, kumbe asili yake ni kupokea. Anayezuia hukakamaa, anayepokea huuelekeza mkono wa mwenzake pembeni. Neno moja, na mkono wako unabadilika.

Salamu nazo zina uzito. Rei ni kuinama kwa heshima. Kabla ya kuanza na mwenzako unasema onegaishimasu, yaani unamwomba akubali kufanya nawe. Mkimaliza, arigato gozaimashita, asante kwa jambo lililokwisha kufanyika. Sensei, mwalimu, kwa asili ni aliyetangulia kuzaliwa. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatuhitaji kufafanuliwa sana hapo.

Tahadhari moja: osu, ile salamu ya nguvu ya klabu nyingi, ni ya mazoezini na ya vijana. Ukikutana na mzee wa Kijapani mjini usimpigie osu. Konnichiwa inatosha mchana.

Na hai? Kwao ni "ndiyo". Mwalimu akikuuliza kama umeelewa, jibu hai ukiwa umeelewa kweli. Kama bado, nyoosha mkono uulize kwa Kiswahili. Hakuna anayefukuzwa mazoezini kwa kuuliza, lakini wapo waliojiondoa wenyewe kwa kunyamaza.