Shika bomba kwanza, ndipo uguse RAM

Fundi mmoja wa kompyuta hapa Singida mjini hafungui laptopu mpaka ashike bomba la maji. Ni bomba la chuma linalotokeza chini ya ukuta wa kibanda chake na kuzama ardhini. Hulishika, akachomoa chaja, akatoa betri, akalegeza skrubu, kisha akalishika tena kabla ya kugusa RAM. Nilidhani ni mazoea ya mtu, mpaka nilipomwona akimzuia kijana anayejifunza kazi kwake asiokote kipande mezani kabla naye hajalishika.

Sababu yake ni hewa yetu. Kuanzia Juni upepo wa Singida huwa mkavu na wa baridi, na aliyelalia blanketi zito hapa anazijua cheche zinazolia gizani ukilivuta. Mwili hujaa umeme bila mwenyewe kujua. Kwa kawaida kidole hakihisi kitu mpaka umeme huo ufike kama volti 3,000; chipu huweza kuumia kwa chini ya hapo, bila moshi wala harufu. Hilo ndilo linalomkera fundi. RAM iliyopigwa namna hiyo huweza kuwaka vizuri leo, mteja akalipa akaenda zake, halafu siku za mbele kompyuta ikaanza kujizima katikati ya kazi, na lawama zote zikaenda kwa virusi. Masika, anasema, hafanyi kazi kwa wasiwasi namna hii. Kuna mikanda ya kuvaa mkononi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Yeye ana bomba lake la kuupeleka umeme huo ardhini, na siku za upepo mkali hunyunyiza maji sakafuni.

Kubadilisha kwenyewe ni dakika chache. Husukuma vibanio viwili vya pembeni, kipande cha zamani kinainuka chenyewe. Kipya hukiingiza kwa mshazari na kukilaza mpaka vibanio vilie. Macho yake yote yako kwenye pengo dogo lililokatwa katikati ya meno ya dhahabu. RAM ya laptopu ya aina ya DDR3 ina meno 204, ya aina ya DDR4 ina 260, na mapengo hayakai mahali pamoja, ndiyo maana kinachogoma kuingia hakilazimishwi. Mtego uko kwenye DDR3 yenyewe: ipo ya volti 1.5 na ipo ya 1.35, pengo ni lilelile, na laptopu nyingi za kuanzia 2013 zinataka hiyo ya pili tu.

Meno yakishika vumbi, huyasugua taratibu kwa kifutio cha penseli cha mwanafunzi. Wapo waliokuja kununua RAM wakaondoka na ileile ya kwao, imesafishwa tu, kompyuta inawaka.

Wateja wake wengi ni walimu na wenye steshenari, wenye laptopu zilizotumika Ulaya zikaja na GB 4. Ukifungua fomu ya Bodi ya Mikopo, barua pepe na faili la Excel kwa pamoja, RAM inajaa, kompyuta inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo ndipo inapoganda. Lakini hauzi kabla ya kupima. Akikuta RAM haijajaa, humwambia mteja wazi kwamba tatizo ni diski, hela ya RAM abaki nayo. Uaminifu wa namna hii hauandikwi kwenye risiti.

Na RAM sasa si ya bei ile ya zamani. Desemba 3, 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuacha kuuzia watu wa kawaida RAM zake za Crucial, ihudumie vituo vikubwa vya akili mnemba. Kopo la fundi la vipande vya GB 2 na GB 4 alivyovitoa kwenye mashine za watu, ambalo zamani lilikaa chini ya meza, sasa analifungia kabatini.

Kuna laptopu moja humkosesha la kusema: ile nyembamba, RAM imelehemiwa kwenye bodi kiwandani. MacBook Air za miaka hii zote ni hivyo, na ThinkPad X1 Carbon pia. Mwanafunzi ananunua yenye GB 4 kwa sababu ni nyepesi na ya bei nafuu, muuzaji hamwambii kwamba haiongezeki, na pengine muuzaji mwenyewe hajui. Siku hizi fundi anawaomba watu wampigie simu kwanza, wamtajie modeli kabla ya kutoa hela. Wachache hupiga. Wengine wanafika kibandani na laptopu mkononi, wameshalipa.