Ubaguzi wa rangi katika filamu za michezo

Ubaguzi wa rangi katika filamu za michezo ni mada ya filamu nyingi, hasa za Marekani, zinazosimulia maisha ya wanamichezo Weusi waliokataliwa au kutukanwa kwa sababu ya rangi yao. Nyingi zinatokana na matukio ya kweli. Katika vibanda vya video vya Tanzania, kuanzia Dar es Salaam hadi Kigoma, mhusika mkuu wa filamu huitwa steringi: watazamaji wanajua kwamba atapigwa, lakini mwishoni atashinda.

Muundo wa hadithi

Filamu hizi kwa kawaida hufuata njia hiyohiyo. 42 (2013) inamwonyesha Jackie Robinson, aliyeigizwa na Chadwick Boseman, akiingia ligi kuu ya besiboli mwaka 1947 na timu ya Brooklyn Dodgers. Matusi anayajibu kwa kucheza vizuri. Remember the Titans (2000) inahusu kocha Herman Boone na timu ya shule moja ya Virginia mwaka 1971. Filamu hiyo inazifanya timu pinzani kuwa za Wazungu watupu, ingawa kwa kweli shule hizo zilikuwa zimekwisha kuchanganya wanafunzi.

Udhaifu wa muundo huu ni kwamba ubaguzi unageuzwa kuwa mpinzani wa uwanjani: mechi ikishinda, mambo yamekwisha. Race (2016) inajinasua kidogo. Jesse Owens anashinda medali nne za dhahabu Berlin mwaka 1936, kisha huko New York anapitishwa mlango wa wafanyakazi kwenda kwenye karamu iliyoandaliwa kwa heshima yake mwenyewe.

Muhammad Ali na Afrika

Ali (2001) ya Michael Mann, ambamo Will Smith ni Muhammad Ali, inaanza mwaka 1964 na kuishia Kinshasa, Oktoba 1974, bondia huyo alipomshinda George Foreman. Pambano hilo ndilo kiini pia cha filamu ya hali halisi When We Were Kings (1996). Kwa watu wa Ujiji, Zaire ya wakati ule ni ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, ijapokuwa Kinshasa yenyewe iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo.

Kisa ambacho filamu ya Mann haikukifikia kilitokea Dar es Salaam. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Ali kuzishawishi Tanzania na nchi nyingine nne za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow, baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Rais Julius Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari nao walimwuliza kwa nini Marekani haikuiunga mkono Afrika iliposusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Ali hakuwa na habari za jambo hilo.

Bingwa ambaye hakukimbia

Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini wiki chache tu baada ya wanafunzi kuuawa Soweto. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa kuiondoa New Zealand Montreal, na zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikushiriki. Tanzania haikumpeleka Filbert Bayi, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500 (3:32.16, Christchurch, 2 Februari 1974). Mpinzani wake mkuu, John Walker, alikuwa Mnew Zealand, naye ndiye aliyeondoka na dhahabu.

Moscow, mwaka 1980, Bayi alipata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha katika mita 5,000. Hizo ndizo medali za kwanza za Olimpiki za Tanzania.

Kisa cha Bayi hakiingii kirahisi katika muundo wa steringi: ushindi wenyewe ndio uliotolewa, na mbio za mwisho za kuonyesha hazipo. Invictus (2009) inaonyesha Afrika Kusini ikiishinda New Zealand 15–12 katika fainali ya raga ya 1995, lakini kitovu chake ni Nelson Mandela na nahodha Mzungu, Francois Pienaar. Habari za ususiaji wa michezo zinapatikana zaidi katika Fair Play, sehemu ya mfululizo wa Connie Field uitwao Have You Heard from Johannesburg (2010).